Aliyenunua Kisanduku, Amemiliki Nini?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Katika darasa letu la baina ya Magharibi na Isha paliulizwa swali lililowachekesha baadhi ya waliohudhuria. Mzee mmoja alisema: "Sheikh, nataka kuihama kampuni ya televisheni niliyo nayo. Nina king'amuzi cha zamani cha dishi, na wanangu wataka cha mtandao. Nichukue chombo gani, na hiki cha kale nikifanyeje?" Watu wakacheka, kwa kuwa waliliona swali hilo kuwa ni la dukani, si la msikitini. Kabla kicheko hakijaisha, akainuka kijana mmoja aliyeketi nyuma karibu na mlango, ambaye ana kiduka cha vyombo hivyo, akasema kwa sauti ndogo: "Na mimi ninayeviuza, nami najua kuwa vyengine humo si halali, hukumu yangu ni ipi?" Hapo kicheko kilikatika.

Maswali hayo mawili tuliyajadili kwa mikutano miwili, na wenzetu wakataka muhtasari wake uandikwe ili nao wasiohudhuria wafaidike. Tumekubali, ingawa, kama msomaji atakavyoona, kuna mahali katika habari hii ambapo mwandishi angependelea kunyamaza.

Kwanza yatupasa tuwajibu wale wasemao kuwa televisheni yote ni upuuzi, na kwamba kulijadili jambo hili ni kuupoteza wakati. Usemi huo ni mwepisi kutamka, lakini hauna faida kwa mtu yeyote. Chombo hakina dini. Hukumu yake hufuata lile linalokusudiwa kwacho na lile kinalolileta. Kisanduku hicho hicho humwonyesha mgonjwa kitandani mahujaji wakiizunguka Al-Kaaba, na humwonyesha mtoto mambo ambayo baba yake angeona haya kuyataja. Na hao wasemao kuwa ni upuuzi, wengi wao wanacho nyumbani. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyeanza kulitoa gazeti lake la Al-Islah hapa Mombasa mwaka 1932, hakuidharau mitambo ya kigeni. Yeye mwenyewe alitumia mtambo wa kupigia chapa ili kuwafikishia Waislamu maneno ya kuwaamsha. Basi suala si kuwa chombo kimetoka wapi, bali ni kuwa tunakimiliki sisi au chatumiliki chenyewe.

Na ili tuhukumu kwa haki, hapana budi tukijue kwanza kitu chenyewe. Picha huifikia nyumba zetu kwa njia tatu. Ya kwanza ni ya minara ya ardhini, ambayo huhitaji antena ya kawaida na chombo cha kupokelea mfumo uitwao DVB-T2, ndio unaotumika Kenya. Ya pili ni ya setilaiti, iliyo juu ya ikweta kwa umbali wa kiasi cha kilomita 36,000, ikizunguka pamoja na dunia hata ikaonekana kama imesimama mahali pamoja. Hiyo huhitaji dishi lililoelekezwa barabara, na king'amuzi chake. Ya tatu ni ya intaneti, ambapo picha huja kwa waya au kwa mnara wa simu, na chombo chake ni kisanduku kidogo, au televisheni yenyewe iliyo na programu ndani yake.

Katika njia zote hizi, kampuni inayotoza fedha huifunga picha kwa kufuli, kisha ufunguo wake huuweka ndani ya kisanduku, au ndani ya kadi, au katika jina la siri la mteja. Kwa hivyo king'amuzi cha kampuni hii, kwa kawaida, hakiwezi kuifungua picha ya kampuni ile, hata vikifanana kwa umbo na hata vikitoka katika kiwanda kimoja. Dishi laweza kugeuzwa likaelekezwa kwenye setilaiti nyengine, na waya waweza kutumika tena. Lakini kisanduku, mtu akihama, mara nyingi hubaki kama kufuli iliyopotelewa na mlango wake.

Hapa ndipo lilipo swali la msingi: aliyenunua kisanduku, amemiliki nini?

Wanazuoni wetu wamepambanua baina ya kumiliki dhati ya kitu na kumiliki manfaa yake. Aliyenunua nyumba amemiliki dhati pamoja na manfaa. Aliyepanga amemiliki manfaa kwa muda tu, na mkataba wake ni wa ijara. Basi mwenye king'amuzi amefanya mikataba miwili kwa siku moja. Kile kisanduku amekinunua, na hiyo ni bei. Na zile picha za kila mwezi amezikodi, na hiyo ni ijara. Lakini dhati aliyoinunua haina manfaa yoyote ila kwa ile ijara. Siku ijara itakapokatika, dhati hubaki mkononi mwake kama plastiki na bati. Ni mfano wa mtu aliyenunua mlango mzuri wa msaji, na ufunguo ukabaki kwa muuzaji, ambaye humfungulia kila mwezi kwa malipo.

Je, mkataba wa namna hii ni batili? Hatusemi hivyo. Waislamu wafungwa na masharti yao, na mwanzoni mwa Suratul-Maida tumeamrishwa kuzitimiza ahadi. Mtu akiambiwa wazi kwamba, "Chombo hiki ni cha kampuni yetu tu, na ukituacha hakitakufaa," naye akaridhia, basi ameridhia. Ubaya ni kule kuficha. Muuzaji anaponyamaza, na mnunuzi akadhani kuwa amenunua chombo cha kuonea televisheni, kumbe amenunua chombo cha kuonea kampuni moja, hapo pameingia udanganyifu. Sote twaijua habari ya Mtume, rehema na amani zimshukie, alipopita sokoni akautia mkono wake ndani ya rundo la nafaka, akaukuta unyevu uliofichwa chini. Akamkemea mwenye nafaka, kwa nini hakuuweka juu watu wauone. Kufuli iliyo ndani ya kisanduku ndio unyevu wa nafaka ya zama zetu.

Wala mtu asidhani kuwa twazungumza juu ya madhara ya kuwaziwa tu. Mwaka 2007 kampuni iitwayo GTV, yenye asili ya Uingereza, iliingia katika nchi kadhaa za Afrika, Kenya miongoni mwao, ikiwa imenunua haki za kuonyesha sehemu kubwa ya mechi za ligi kuu ya Uingereza. Watu wakanunua visanduku na madishi yake. Mwishoni mwa Januari 2009 kampuni hiyo ilifilisika, matangazo yakazimwa kwa ghafla, na vile visanduku vikawa kazi yake ni kushika vumbi. Tena, Desemba 2009 Kenya ilipoanza matangazo ya dijitali, ilianza na mfumo wa kizazi cha kwanza, DVB-T, kisha ikauhamia wa pili, DVB-T2. Na chombo cha mfumo wa kwanza hakiwezi kuupokea wa pili. Na Februari 2015, mitambo ya analogi ilipozimwa na vituo vikubwa vya binafsi vikatoweka hewani kwa siku kadhaa, watu walikimbilia madukani kununua chochote kilichokuwa karibu. Katika haraka hiyo ni wachache waliouliza kisanduku hicho kimefungwa au ki wazi. Mwenye haraka hanunui kitu, huuziwa.

Sasa tuje katika swali la yule kijana, ambalo ndilo zito. Katika kiduka chake kulikuwa na visanduku vya intaneti vilivyotiwa programu zinazoonyesha idhaa za kampuni zote, za mpira na za filamu, bila ya kampuni hizo kulipwa. Mnunuzi hulipa bei ya kisanduku, kisha akalipa kidogo kila mwezi kwa mtu asiyemjua. Watu huviita "vilivyofunguliwa", kana kwamba kufungua ni sifa njema kila mahali.

Katika majlisi yetu walikuwapo waliomtetea, na insafu yatutaka tuzitaje hoja zao kwa nguvu zake zote.

Walisema kwanza: mawimbi yanashuka juu ya paa langu bila ya idhini yangu, na watu ni washirika katika maji, na majani ya malisho, na moto, vipi basi nikatazwe kilichonijia mwenyewe? Jawabu ni kuwa maji ya mtoni ni ya wote, lakini maji aliyoyateka mtu akayatia katika mtungi wake na kuufunika, hayo ni mali yake, hata akiupitisha mtungi huo uani kwako. Picha iliyofungwa kwa kufuli ni mtungi uliofunikwa. Yale ambayo wenyewe wameyaacha wazi hewani, chota ushibe, wala hapana atakayekulaumu.

Wakasema pili: mimi nikitazama sikumpunguzia mtu kitu, picha haikwishi kwa kutazamwa. Hoja hii ina ladha, lakini inasahau kuwa manfaa nayo ni mali. Sisi watu wa pwani wengi wetu ni Mashafi, na katika madhehebu yetu anayekaa katika nyumba ya mwenziwe bila ya idhini hulazimika kulipa kodi ya siku alizokaa, ijapokuwa nyumba haikupungua hata tofali moja. Na Baraza la Fiqhi la Kiislamu lenye makao yake Jeddah, katika kikao chake cha tano kilichofanyika Kuwait mwezi wa Desemba 1988, lilipitisha kuwa haki za utungaji na uvumbuzi ni haki makhsusi za wenyewe, zina thamani ya mali, na haijuzu kuzivamia. Tena tuwakumbuke watu wetu. Kijana wa Kibokoni au wa Lamu anayerekodi kasida zake, au anayetengeneza mchezo wa Kiswahili kwa fedha za kukopa, naye huibiwa kwa chombo kile kile. Twapenda mno kulalamika kuwa hakuna vipindi vyema vya watoto wetu, na huku tunamnyima ujira wake yule ambaye angevitengeneza.

Wakasema tatu, na hii ndiyo hoja iliyokaa katika nyoyo za wengi: kampuni hizi ni za matajiri wa mbali, hupandisha bei watakavyo, na aliyeibiwa naye ni mwizi. Twasema: dhuluma ya mwenzio haiihalalishi mali yake kwako. Ukiona bei ni ya dhuluma, unayo silaha halali nayo ni kuondoka. Mwenye kuiba hakuondoka. Amebaki kuwa mtumwa wa kile anachodai kukichukia, ila amekuwa mtumwa asiyelipa. Na wala si kweli kwamba halipi. Kila mwezi hulipa. Lakini badala ya kumlipa mwenye mali humlipa mwizi.

Yule kijana alisikiliza yote, kisha akasema: "Haya nimeyafahamu. Lakini nina visanduku 14 dukani nilivyovinunua kwa deni, na nyumbani mama yangu ananitazamia mimi." Hakuna aliyemjibu kwa haraka, na wala haikufaa ajibiwe kwa haraka. Kumwambia mtu tubu ni neno moja. Lakini toba inayogusa haki za watu ina sharti zaidi ya majuto, nayo ni kurejesha.

Baada ya kushauriana tulimwambia hivi. Kisanduku chenyewe si haramu. Haramu ni kilichotiwa ndani yake. Basi avifute hizo programu zote, avirudishe kama vilivyotoka kiwandani, aviuze kwa jina lake la kweli na kwa bei yake ya kweli, ingawa atapata hasara. Wale walionunua kwake bila ya kujua, wakivirejesha awarudishie fedha zao kidogo kidogo kadiri awezavyo, na asiowapata awatolee sadaka. Ama wale walionunua nao wanajua, hao ni washirika wake, hawana dai juu yake, wajihesabu wenyewe.

Na mwandishi wa maneno haya alikuwa mmoja wa walionunua. Kisanduku kile kilikuwa sebuleni kwangu kwa muda wa mwaka na zaidi. Nikiulizwa kama nilijua, jawabu la kweli ni kuwa nilijua nusu. Na ile nusu niliyoijua ilitosha. Sikuuliza ile nusu ya pili kwa sababu niliogopa kujibiwa. Wajukuu wangu walikuwa wakitazama mpira, nami nilikuwa nikitazama darasa za maulamaa wa nchi za Kiarabu, nikajiambia kuwa kheri ya hili itafunika shari ya lile. Usiku ule nilikiondoa. Mjukuu wangu mkubwa aliniuliza, "Babu, kwani jana kilikuwa halali?" Sikuwa na la kumjibu ila kumwambia kwamba jana nilikosea. Basi na msomaji asidhani kuwa anasemeshwa na mtu aliye juu ya minara.

Imebaki tumjibu yule mzee wa kwanza, ambaye swali lake lilichekwa, na kumbe ndilo lililofungua mlango. Nasi twampa yeye na wengine mambo matano ya kuyapima kabla ya kuhama.

La kwanza, aanze na haja yake, asianze na chombo. Aketi na watu wa nyumbani, mke naye aulizwe kama mume anavyoulizwa, waandike ni vipindi gani wanavyovitazama kwa hakika. Huenda wakaona kwamba vingi kati ya hivyo vinapatikana bure kwa antena. Televisheni nyingi za siku hizi zina kipokezi cha DVB-T2 ndani yake, na mwenye nayo hana haja ya kisanduku chochote kwa idhaa za bure.

La pili, akipata njia mbili zilizo sawa, achague chombo kilicho wazi kuliko kilichofungwa. Yaani kile ambacho akiiacha kampuni hii kitamfaa kwa nyengine. Na kabla ya kutoa fedha amuulize muuzaji swali moja tu: "Siku nitakapowaacha, chombo hiki kitanifanyia nini?" Muuzaji mkweli atajibu. Asiyejibu naye amejibu.

La tatu, ahesabu gharama yote, si bei ya kisanduku peke yake. Picha safi ya intaneti yaweza kula kiasi cha gigabaiti 3 kwa saa moja. Anayetazama saa 3 kila usiku atatumia 270 kwa mwezi. Mwenye kununua vifurushi vya simu ataona kuwa kile alichokikimbia kwenye dishi kimemngoja kwenye simu. Tena picha ya intaneti yataka kasi ya kiasi cha megabiti 5 kwa sekunde ili isikatike. Na dishi nalo, mvua kubwa ya masika ikinyesha, hukatika. Hata umeme uhesabiwe: chombo kinachokula wati 10 kikiachwa kimewashwa mchana na usiku hutumia karibu uniti 88 kwa mwaka, ilhali mwenyewe amelala.

La nne, akitazame chombo kama mlango wa nyumba. Ving'amuzi vingi vina nambari ya siri ya kuwafungia watoto yasiyowafaa, na wazazi wengi hawajapata hata kuiweka. Kile cha mtandao kina hatari zaidi, kwani bahari yake haina ufuo. Asiye na wakati wa kuusimamia mlango, asiufungue mpana.

La tano, asikitupe cha kale. Kama kilikuwa cha kukodi, ni amana, akirejeshe. Kama ni chake, ampe au amuuzie mwenye kuitumia kampuni ile ile, na amweleze hali yake yote. Kama kimekufa kabisa, akipeleke kwa mafundi au kwa wanaokusanya taka za umeme, asikichome uani, kwani moshi wake ni sumu kwa jirani, na jirani ana haki yake.

Mwenye kuyapima haya ataona kuwa swali la kisanduku halikuwa dogo. Mtu huru ni yule awezaye kuondoka. Anayebaki kwa kampuni kwa kuwa amefungwa na chombo chake, na anayebaki kwa mazoea ya jirani, na anayebaki katika haramu kwa kuwa wajukuu watanung'unika, wote watatu ufunguo wao uko mikononi mwa mwengine. Dini yetu imekuja kuturudishia ufunguo huo, na haikuweka mpaka kwamba haya ni ya msikitini na yale ni ya sebuleni.

Yule kijana bado ana kiduka chake. Juu ya meza ameweka karatasi iliyoandikwa kwa mkono, chombo kipi kimefungwa na kipi ki wazi. Biashara yake imepungua, hatulifichi hilo. Basi wenye kuhama kampuni, kama kweli tuliyasema yale majlisini kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, wanajua pa kwenda kununua.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atuonyeshe haki kuwa ni haki na atuwezeshe kuifuata, na atutakabalie toba zetu, za wauzaji na za wanunuzi. Na Yeye ndiye ajuaye zaidi.